Kuni za Kipupwe: Nje, Upenuni, Bandani au Darini?

Aliyewahi kulala Njombe mwezi Juni hahitaji kufundishwa baridi. Ukungu unashuka jioni, usiku manyunyu, na asubuhi watu wanasalimiana wakiwa wamejitanda blanketi. Panda zaidi mpaka Makete, kwenye uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, utakuta nyasi zimeganda barafu. Hicho ndicho kipupwe, Juni mpaka Agosti. Katika nyumba nyingi za huku moto wa kuni ndio unaopika, ndio unaochemsha maji ya kuoga, na ndio unaowaweka watu pamoja jioni.

Tatizo letu liko kwenye kalenda. Mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, miaka mingine mpaka Mei. Zikikatika tu, baridi inabisha hodi, bila kiangazi katikati cha kuanikia kuni. Kwa hiyo kuni utakazootea moto Juni ni zile ulizopasua kiangazi cha mwaka uliopita, ukazianika Agosti, Septemba na Oktoba, kisha zikalala mahali kwa miezi sita ya mvua bila kunywa maji upya. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunaulizana tukaushie wapi, wakati jua na upepo wa Septemba hukausha karibu popote. Swali gumu ni kuni zitalala wapi Januari.

Huku kwetu nimeona majibu manne ya swali hilo: rundo la nje lenye bati juu, upenuni mwa nyumba, banda la kuni, na darini juu ya moto. Yote manne nimeyatumia, mengine kwa raha na mengine kwa majuto.

Kavu maana yake nini?

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Ukuni wa kufaa moto uwe na maji yasiyozidi asilimia 20. Kiwango hicho si cha kwetu tu: England tangu Mei 2021 sheria inadai hivyo hivyo kwa kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo. Chukua kipande kibichi cha kilo 4. Kilo 2 ni mti, kilo 2 ni maji. Kikikauka kufikia asilimia 20 kitabaki na kilo 2 na nusu, maana yake lita moja na nusu ya maji imepotelea hewani bila wewe kuigharamia.

Ukikipigia kipande hicho hesabu ya joto tupu, tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Kibichi kinatoa takriban megajuli 33, kikavu takriban 37. Hasara yenyewe iko kwenye moshi. Maji yanaupooza moto, na gesi za mti ambazo zingewaka zinatoka zikiwa hazijaungua. Zinaishia machoni na kifuani mwa anayepika. Kama jiko lina bomba la moshi, zinaganda ndani ya bomba mfano wa lami, na lami hiyo ikirundikana inaweza kushika moto siku usiyoitegemea.

Kupima ukavu hakuhitaji mtambo. Chagua vipande vitatu kutoka sehemu tofauti za rundo, vitie alama ya rangi, uvipime kwenye mizani kila mwezi. Uzito ukigoma kushuka, vimekauka kadiri hewa ya pale inavyoruhusu. Wazee hugonga vipande viwili kimoja kwa kingine: vikavu vinalia kwa ukali, vibichi vinatoa mlio mzito wa chini. Nyufa za kwenye ncha nazo ni dalili, ila zisikudanganye, kwani ncha hupasuka mapema wakati kiini bado kina maji. Mwenye kipima unyevu cha betri apasue kipande kwanza, kisha apime ule uso mpya wa ndani. Kupima gome ni kujifariji.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza mambo manne. Inakausha kwa kasi gani? Inazihifadhi vipi kuni wakati wa mvua? Inadai fedha na jasho kiasi gani? Na je, vipi kuhusu mchwa, bungua, nyoka, moto na wezi? Hilo la nne watu hulisahau mpaka litokee.

Kabla ya hayo kuna sharti moja ambalo halina mjadala: kuni ziwe zimepasuliwa. Maji ndani ya mti hupita kwenye mirija inayofuata urefu wa shina, kwa hiyo hutoka kwenye ncha upesi mara nyingi kuliko ubavuni, na gome huyazuia zaidi. Gogo zima la mita moja na nusu lenye gome lake unaweza kuliweka hata ikulu, litamaliza mwaka likiwa bichi. Kata urefu wa sentimita 30 hadi 40, pasua mpaka unene wa kigasha, na vile vya kuwashia viwe vyembamba kama kidole gumba.

Mti nao una tabia yake. Muwati ndio kuni ya heshima hapa Njombe. Asili yake ni Australia, na ulipandwa huku kwa mashamba makubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi za wanyama. Gome likishachunwa, shina linabaki uchi, na shina uchi hukauka haraka, kwa hiyo ukipata miwati iliyochunwa nusu ya kazi umefanyiwa. Mlingoti, yaani mkaratusi, ni mgumu na una joto zuri, lakini nyuzi zake hujisokota. Upasue ungali mbichi, maana ukikauka utakuvunjia mpini wa shoka. Paini hukauka upesi kuliko wote na kuwaka upesi kuliko wote. Una utomvu mwingi, unafaa kuwashia, ila ukitegemea paini peke yake usiku wa Julai utakuwa unaamka kila mara kuongeza. Mabanzi ya paini kutoka mashine za mbao za Mafinga na Njombe ni rahisi kupatikana, na kwa wembamba wake kiangazi kimoja kinatosha na kubaki.

Rundo la nje lenye bati juu

Hii ndiyo njia inayoonekana ya kizembe, lakini ikifanywa vizuri inakausha kuliko zote. Sababu ni upepo. Panga safu moja tu, upana wa ukuni mmoja, juu ya mawe au matofali yaliyoinuka angalau sentimita 15 kutoka ardhini. Ncha za kuni zielekee upepo unakotoka, ili hewa iingie ncha moja na kutokea ya pili. Mwisho wa safu, kulia na kushoto, pishanisha vipande kama watu wanavyojenga tanuri la matofali, safu isimame yenyewe bila nguzo. Kimo kisizidi kifua cha mtu. Ukipanga hivi Agosti, paini na mabanzi yatakuwa tayari kabla ya mvua, na muwati uliopasuliwa vizuri utakuwa umekaribia sana.

Mvua ndiyo mtihani wake. Bati la juu litokeze sentimita 20 au 30 kila upande na likandamizwe kwa mawe. Kuni zilizokwisha kukauka zikirushiwa mvua ubavuni si msiba, kwani maji yanabaki juu juu na siku mbili za jua huyaondoa. Shida ni Januari na Februari, wiki nzima jua halionekani na safu za chini haziishi kulowa. Ikifika Mei utaona juu zimekauka vizuri na chini zina kuvu.

Hapa niungame. Mwaka mmoja nililiona bati ghali, nikanunua turubai na kulifunika rundo zima mpaka chini, nikafunga kamba kama mzigo wa Mbeya. Nilijiona fundi. Mei nilipofungua, joto lenye harufu ya uozo lilinipiga usoni, na kwenye gogo moja uyoga ulikuwa umeota. Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Makete, alizitazama akasema, "Mkwe, hizi kuni umezipigisha nyungu." Alisema kweli. Unyevu wa kuni na wa ardhini ulipanda, ukakutana na turubai, ukarudi chini. Turubai, ukilazimika kulitumia, liwe kofia tu. Ubavu uachwe wazi.

Gharama zake ni ndogo: mabati mawili matatu ya zamani, mawe, na siku moja ya kupanga. Mchwa hawapati njia kama mawe yako yako wazi na unayakagua, ukiona mfereji wa udongo unapanda unaukwangua. Nyoka na nge hupenda mapango ya chini, basi usiingize mkono usipopaona, na mtoto asitumwe kuchukua kuni gizani. Jambo ambalo bati haliwezi kulizuia ni jirani. Kuni kavu zilizopangwa barabarani katikati ya Juni zina miguu.

Njia hii inamfaa mwenye kiwanja cha wazi chenye upepo na uzio, na anayekata kuni nyingi kwa mkupuo. Makambako, ambako upepo haukatiki, ndiko kwao.

Upenuni

Upenu ni hazina ambayo karibu kila nyumba inayo na wachache wanaitumia ipasavyo. Paa limekwisha kujengwa, ukuta umekwisha kujengwa, na jikoni ni hatua tatu. Kwa jasho na fedha hakuna kinachoshindana nao.

Kukauka kwake kunategemea ukuta unatazama wapi, na hapa watu wengi huchagua kwa kubahatisha. Njombe iko kusini ya ikweta, hivyo kuanzia Mei mpaka Agosti jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini unaota jua kipupwe chote. Ukuta wa kusini uko kivulini, na ule wa kusini-mashariki ndio unaopigwa na upepo wa kusi unaoleta ukungu na manyunyu. Kwa hiyo kuni upande wa kaskazini, ndoo na majembe upande wa kusini. Hata hivyo kila kilima kina mvua yake. Simama nje siku ya mvua ya Desemba uone ukuta gani unalowa.

Usizigandamize kuni ukutani. Acha nafasi ya kiganja kati ya rundo na ukuta, la sivyo hewa haitapita nyuma, na ukuta wa tofali mbichi utazipa kuni unyevu wake. Pia angalia tone la paa linadondokea wapi. Mapaa mengi ya kisasa yametokeza sentimita 50 au 60 tu, na tone likigonga ardhi hurusha maji mpaka magotini. Ndiyo maana kuni za upenuni huoza safu mbili za chini wakati za juu ni kavu kama mifupa. Mfereji mdogo wa kuondoa maji, au kuinua kichanja mpaka sentimita 30, hulimaliza hilo.

Wadudu ndio ubaya wake mkubwa. Rundo lililogusa ukuta ni daraja la mchwa kuelekea kenchi za paa lako. Bungua nao, wale wanaoacha unga mweupe chini ya ukuni, hawajui kutofautisha kuni na fremu ya dirisha. Kipande chenye matundu na unga kitumie kwanza, kisikae hapo miezi sita. Moto nao uufikirie: ukuta wa kuni kavu chini ya dirisha la jikoni si kitu cha kuchezea, hasa nyumba ikiwa na dari ya mbao. Mimi sizidishi mita mbili za urefu upande mmoja na siweki karibu na mlango, ili pakitokea la kutokea pawe na njia ya kutokea.

Wanaofaidi hapa ni familia ndogo, mwenye kiwanja kidogo cha mjini, na mpangaji ambaye hawezi kujenga chochote.

Banda la kuni

Watu husikia banda wakaona gharama, kisha wanaacha. Kabla ya kuacha, piga hesabu. Pima kuni unazotumia kwa siku tatu za baridi kali, ugawe kwa tatu. Tuseme ni kilo 8 kwa siku. Juni mpaka Agosti ni siku 92, jumla kilo 736. Mita moja ya ujazo ya muwati au mlingoti mkavu uliopangwa vizuri ina takriban kilo 400. Maana yake kipupwe chote kinaingia katika mita mbili za ujazo. Banda la urefu wa mita 2, kina cha mita 1 na kimo cha mita moja na nusu linatosha, na nafasi ya paka kulala inabaki. Nguzo nne za mlingoti, mabati matatu, fito chini, mabanzi ubavuni. Kazi ya fundi mmoja siku mbili, au yako wikiendi mbili ukiwa na nyundo na subira.

Kwa mvua, hakuna kinacholishinda. Paa lina mteremko, sakafu imeinuka, kuni za Oktoba zinaikuta Juni zikiwa zile zile. Kwa kukauka, jibu linategemea kuta. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni banda lililojengwa kama chumba, mabanzi yamebanana na mlango una kufuli. Ukiingiza humo kuni zenye maji nusu umejenga ghala la kuvu. Acha mwanya wa vidole viwili kati ya banzi na banzi, na upande wa mbele uwe wazi kabisa ukitazama kaskazini. Banda la namna hiyo hukausha polepole kidogo kuliko safu ya nje yenye upepo, ila linaendelea kukausha hata Machi, wakati safu ya nje inapigania tu isilowe.

Ukiweza, ligawe vyumba viwili: kimoja cha kuni za mwaka huu, kingine cha mwakani. Bila kigawanyo, utajikuta kila mara unachukua za mbele, zile mpya, na zile za nyuma zinazeeka mpaka bungua wanazimaliza. Nimeona banda lenye kuni za miaka minne nyuma na mwenye nyumba akilalamika kwamba kuni zake zinatoa moshi.

Panya hulipenda, na panya wakija nyoka anafuata. Liweke hatua kumi hivi kutoka nyumba ya kulala, pia kwa ajili ya moto. Usalama wa wizi ni mzuri hata bila kufuli, kwa sababu liko ndani ya ua na mbwa analijua.

Linawafaa wenye kwao, waliokaa mahali wanapojua watakuwepo miaka mitano ijayo, na wanaochoma kuni kwa biashara: mama lishe, wapika pombe ya komoni, wenye kuuza maji ya moto ya kuoga. Taasisi kubwa kama shule za bweni sizigusi hapa, zenyewe zinasukumwa zihamie gesi na nishati nyingine.

Darini, juu ya moto

Mama mkwe ana jiko la zamani, nyumba ndogo ya peke yake, mafiga matatu katikati na juu yake uchaga wa fito nyeusi tii kwa masizi. Juu ya uchaga kuna kuni, mbegu za mahindi na kikapu ambacho sijawahi kuona kikifunguliwa. Joto linapanda, moshi unapita, na ukuni uliopanda mbichi mwanzoni mwa mwezi unashuka mkavu kabla mwezi haujaisha. Kuni za hapo zinawaka kwa njiti moja. Mchwa hawafiki, na bungua hawaupendi moshi.

Mvua haina habari na darini. Gharama haipo kama jiko lenyewe ni la namna hiyo. Ila eneo ni dogo. Uchaga wa kawaida unabeba kuni za wiki moja au mbili, kwa hiyo si ghala, ni kituo cha mwisho. Na kazi ya kupandisha na kushusha kila siku haiishi.

Hatari yake nayo isifichwe. Cheche ikiruka, ukuni mkavu uko pale pale juu unaingoja, na kama paa ni la nyasi hadithi inaisha vibaya. Uchaga uwe juu ya kichwa cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono, kuni zisizidi safu mbili, na usiku kabla ya kulala makaa yafukiwe majivu. Kisha kuna moshi wenyewe. Jiko linalokausha kuni kwa moshi ni hilo hilo linalowatoa machozi mama na mtoto aliye mgongoni, na madhara yake kwa mapafu hayana ubishi. Wengi sasa wamejenga majiko ya udongo au matofali yenye bomba la moshi, na wamefanya vema. Lakini waelewe kwamba bomba likitoa moshi nje linatoa na joto, na darini pamebaki mahali pa kuwekea tu. Kwa nyumba za hivyo kuna mbadala mdogo: panga kuni za kesho pembeni ya jiko, umbali wa hatua moja, mbali na mdomo wa moto. Usiziingize ndani ya tanuri na kuziacha. Ninamjua mtu aliyefanya hivyo. Alirudi akakuta chakula hakijaiva na kuni zimekwisha.

Darini ni kwa mwenye jiko la nje lenye paa la bati, aliyechelewa kukata, na yeyote anayetaka kuni za kuwashia zisizomsumbua saa kumi na moja alfajiri.

Basi wewe uko wapi?

Kama unasoma haya Juni au Julai na shoka unalo, una nafasi ya kufanya lote kwa raha. Kata sasa, pasua milingoti ingali mbichi, panga safu ya nje kwenye upepo mpaka mwisho wa Oktoba. Mawingu ya kwanza yakijikusanya, hamishia bandani au upenuni. Kuni zilizopita njia mbili hivyo huwa bora kuliko zilizokaa mahali pamoja mwaka mzima, ingawa mgongo wako utanilaani.

Kama huna banda wala huna mpango wa kujenga, gawanya: nusu upenuni upande wa kaskazini, nusu nje chini ya bati. Choma za nje kwanza, kuanzia mwezi Mei, kabla kuvu haijakomaa. Za upenuni zibakie Julai.

Kama ni Machi na ndiyo kwanza umekumbuka, usihangaike na mlingoti wala muwati mnene, hautakauka. Tafuta mabanzi ya paini yaliyokaa kiwandani tangu mwaka jana, au matawi membamba, uyapasue madogo zaidi ya kawaida na kuyapitisha darini kwa zamu. Changanya na kuni kavu za kununua. Unaponunua, pasua kipande mbele ya muuzaji. Asiyekubali umekwisha kumjua.

Ukikaa Wanging'ombe au bonde lolote kavu kidogo, banda ni anasa na rundo la nje linakutosha. Ukikaa Makete au kwenye miteremko inayofunikwa na ukungu mpaka saa nne asubuhi, nje patakushinda, na hata upenu ukubali kwa masharti. Huko jenga banda, hata dogo.

Walioko nyanda za juu za Kenya, kama Kinangop na Limuru, wana baridi ile ile ya Juni mpaka Agosti ikitanguliwa na mvua za Machi mpaka Mei. Ila wao wana vuli pia mwishoni mwa mwaka, hivyo dirisha lao la kuanika ni Januari na Februari. Ni fupi. Wapasue vipande vidogo zaidi, na safu ya nje iwe imeingia chini ya paa kabla Machi haijafika katikati.

Na mpangaji wa chumba kimoja mjini, usiye na ua wala upenu wako? Nunua kidogo kidogo, lakini nunua Oktoba, wakati kila mtu ana kuni kavu na hakuna anayezigombania. Omba mwenye nyumba kona ya baraza, weka matofali manne na ubao, panga kuni za mwezi mmoja. Usiziweke chumbani unakolala, zitakuletea bungua kwenye kitanda. Na mkaa wa kuotea usiuingize humo na kufunga mlango, hata baridi ikaze vipi, kwa sababu hewa yake huua mtu akiwa usingizini.